Kabla ya kumsahihisha mtoto, muulize kwanza anaelewa nini

Jumamosi moja mchana nilikuwa nyumbani kwa kaka yangu. Chakula kilikuwa tayari mezani, nikamwambia mtoto wake wa miaka 4 akanawe mikono.

“Nimeshanawa asubuhi, shangazi.”

“Kanawe tena. Mikono ina wadudu.”

Akakunjua viganja, akavitazama, akavigeuza, akachungulia hadi katikati ya vidole. Kisha akanionyesha kwa furaha: “Hakuna hata mmoja!”

Tulicheka wote. Nikamshika mkono hadi bombani, nikamnawisha, tukala. Lakini usiku jambo lile lilinirudia. Mtoto yule hakuwa mkaidi. Alifanya uchunguzi. Anamjua mdudu: ni sisimizi, ni mende, ni nzi. Mdudu ana miguu, anatembea, anaonekana. Nilimwambia wapo, akawatafuta, hakuwaona. Kwa ujuzi alionao, aliyesema uongo ni mimi.

Na hili si la kuchekesha tu. Kuhara bado ni miongoni mwa maradhi yanayoua watoto wengi wa chini ya miaka 5 duniani, na kunawa kwa sabuni ni moja ya kinga zake. Mtoto anayenawa kwa sababu shangazi amemkazia macho, ataacha siku shangazi hayupo.

Neno jipya, wazo la zamani

Mzazi, kumbuka mwanao alipoanza kusema. Akijua neno “paka”, basi mbuzi ni paka, mbwa ni paka, na ng’ombe wa jirani naye ni paka. Anachukua wazo alilonalo na kulinyoosha lifike kwenye kitu kipya. Polepole, anaposikia “huyu ana pembe, huyu ni mbuzi”, anaanza kuweka mipaka.

Jean Piaget, mtafiti wa Uswisi aliyefariki mwaka 1980, alitumia miaka mingi kuwahoji watoto na kuwasikiliza. Alieleza kwamba tunapokutana na jambo jipya tunafanya moja kati ya mawili: tunalipachika kwenye wazo la zamani, au tunalibadili wazo lenyewe ili jambo jipya lienee. La kwanza ni rahisi. La pili linachukua muda.

Jaribio lake moja unaweza kulifanya jikoni kwako. Mimina maji sawasawa kwenye glasi mbili zinazofanana, mtoto akubali kuwa yanalingana. Kisha mbele yake, hamishia maji ya glasi moja kwenye glasi nyembamba na ndefu. Watoto wengi wa miaka 4 au 5 watakuambia kwenye glasi ndefu maji yameongezeka. Kwao, “mengi” ni kimo. Ndiyo maana ugomvi wa juisi hauishi kwa kusema “ni sawa tu”. Tumia vikombe vinavyofanana, mwenzako ana miaka 4.

Kujibu vizuri si kuelewa

Mwaka 1992, watafiti Stella Vosniadou na William Brewer walichapisha utafiti waliowahoji watoto 60 wa shule ya msingi katika jimbo la Illinois, Marekani, kuhusu umbo la dunia. Ukiwauliza, wengi walijibu kuwa dunia ni duara. Jibu la kupata vema. Lakini walipoulizwa zaidi, yakatoka mengine. Wapo walioona dunia ni duara bapa, kama chapati. Wapo waliodhani ni mpira wenye uwazi ndani, na watu tunaishi humo kwenye ardhi tambarare. Wapo walioamini dunia ziko mbili: ile ya mviringo iliyo juu angani, na hii tunayoikanyaga.

Watoto hao hawakuwa wajinga. Kila siku macho yao yanaona ardhi imelala, na mtu mzima anawaambia ni duara. Wakaunganisha habari hizo mbili kadiri walivyoweza.

Sasa fikiria neno “dawa” ndani ya nyumba yako. Kuna dawa ya kikohozi, dawa ya meno, dawa ya viatu, dawa ya mbu na dawa ya panya. Wewe unajua tofauti zake bila kufikiri. Mtoto anayejua kuwa dawa ni kitu ambacho mama humpa apone, atafanya nini akikuta dawa ya panya chini ya kabati? Na yule anayeambiwa kila siku “kunywa, hii ni pipi”, atafanya nini akiona vidonge vya bibi? Usiite dawa pipi. Na dawa zote, za kunywa na za kuulia wadudu, ziwekwe juu na kufungiwa.

Sisi wakubwa hatujapona

Nisiwaonee watoto. Mama yangu aligundulika kuwa na presha, akapewa vidonge. Baada ya wiki kadhaa nikakuta kopo limejaa vumbi.

Nilipandisha sauti, nikamtajia kiharusi, nikamtajia figo. Akaninyamazia. Aliyetusaidia ni muuguzi mmoja, siku nilipompeleka kupima tena. Hakumgombeza. Alimuuliza tu: “Mama, wewe presha unaielewaje?”

Mama akaeleza, nami nikayasikia kwa mara ya kwanza. Kwake presha ni hasira na mawazo. Si ndiyo tunavyosema, “usinipandishe presha”? Wakati ule alikuwa na mgogoro wa shamba, sasa umeisha, moyo umetulia, kichwa hakiumi. Tena vidonge alivyopewa alishavimaliza, yaani amemaliza dozi. Maisha yake yote ugonjwa ndivyo ulivyo: unaumwa malaria, unameza dawa kwa siku 3, unapona, unaendelea na shughuli zako.

Kila hatua ya hoja yake ilishikana. Kasoro ilikuwa kwamba presha si malaria. Mtu anaweza kuwa nayo asisikie lolote, na anayeweza kuiona ni kipimo, si hisia. Muuguzi akampa mfano wa bomba la maji: msukumo ukiwa mkubwa kupita kiasi siku zote, bomba halipigi kelele, ila maungio yanachoka taratibu mpaka siku linapasuka. Dawa inapunguza msukumo siku ile unayoimeza. Ukiacha, msukumo unarudi. Ndiyo maana hakuna kumaliza dozi, na ndiyo maana mtu haachi bila kuzungumza na daktari wake.

Mama akasema: “Kumbe!” Vidonge anameza hadi leo. Mimi nilikuwa na habari zote hizo kichwani, nimeziandika mara ngapi sijui. Nilichokosa ni lile swali.

Ufanyeje nyumbani

Kwanza, uliza kabla ya kueleza. “Unadhani vijidudu vinafananaje?” Usicheke jibu. Hapo ndipo utakapojua pa kuanzia.

Pili, tafuta kitu anachokijua tayari. Kwa mtoto wa kaka yangu nilitumia pilipili. Nilimkumbusha siku mama yake alipokata pilipili, mikono ikaonekana safi kabisa, kisha akajigusa jicho. “Alilia!” akadakia. Basi kuna vitu vinakaa mkononi na hatuvioni. Hilo alilielewa papo hapo.

Tatu, sema mfano wako unaishia wapi. Pilipili haizaliani, vijidudu vinazaliana. Bomba la maji halihitaji kupunguza chumvi, mwenye presha anahitaji. Mfano usipowekewa mipaka, unageuka kosa jipya.

Nne, mwombe akueleze yeye. Usimuulize “umeelewa?”, maana jibu la swali hilo ni “ndiyo” kwa mtoto na kwa mtu mzima. Sema: “Hebu mweleze mdogo wako kwa nini tunanawa.” Kwa mzazi wako, sema kwa adabu: “Mama, nieleze nami nijue, daktari alisema hizi unamezaje?”

Na uwe na subira. Wazo la zamani haling’oki kwa siku moja. Juzi mtoto yule alinawa bila kuambiwa, akarudi na swali: “Shangazi, wale wasioonekana wana mama yao?” Bado kichwani mwake wana miguu, nadhani. Lakini sabuni alitumia.

Wiki hii chagua neno moja linalotumika sana nyumbani kwako: chanjo, homa, dawa, au sukari kwa mzee anayeugua ugonjwa huo. Muulize mmoja wa nyumbani anavyolielewa, kisha umsikilize mpaka mwisho.