Baadaye Lini?
Nasoma shahada ya pili ya uhandisi wa majengo, na maneno yanayonichefua kuliko yote kwenye michoro ni "ukanda ujazwe baadaye". Baadaye lini? Sakafu ya zege yenye kebo zilizokazwa hufupika: kebo huibana, kisha zege husinyaa kwa miezi mingi. Ikishikwa na kuta za lifti pande zote mbili, hupasuka. Ndiyo maana huachwa ukanda wazi wa kama mita moja, mara nyingi siku 30 hadi 60. Msimamizi anayekimbizana na ratiba ataujaza wiki ya pili, na mchoro haumkatazi! Andikeni siku. Andikeni pia mirunda ya chini isiguswe: ukanda ukiwa wazi kingo zake zinaning'inia, na hesabu zenu zilichukulia sakafu ni moja.