Butembo na Beni: Anayeanguka mbele ya kamera naye ni mfanyakazi

Kila asubuhi, kabla maduka ya katikati ya mji wa Butembo hayajafunguliwa, kuna vijana wanaopanda na kushuka vilima vya mji huu mbio, wamevaa nguo nyeupe za karate, mikanda kiunoni. Wengine wanafanya kung-fu, judo au taekwondo katika viwanja vya shule. Beni nako wako. Watoto wakiwaona wanawashangilia. Wazee wanauliza: huyu anajifunza kupigana na nani?

Swali la wazee si la ujinga. Tangu mwezi Oktoba 2014, Beni na vijiji vyake wamezika watu wengi waliouawa kwa mapanga na risasi. Tarehe 6 Mei 2021 jimbo la Kivu Kaskazini, pamoja na Ituri, liliwekwa chini ya utawala wa kijeshi. Katika mazingira hayo kijana mwenye mkanda mweusi anaonekana kuwa na njia tatu tu: kulinda duka la mfanyabiashara usiku, kumfuata mtu mkubwa kama mlinzi wake, au kuingia porini na kushika silaha.

Ipo njia ya nne ambayo haizungumzwi vya kutosha. Ni kazi ya kaskaderi, yaani mtu anayepigwa, anayerushwa dirishani, anayeanguka kutoka juu ya nyumba ili filamu ipate kuonekana kuwa ya kweli. Ni kazi inayofundishika na inayolipwa katika nchi nyingi, na vijana wa Butembo na Beni tayari wana nusu ya elimu yake miguuni na mikononi.

Mfano hauko mbali

Anayedhani kwamba haya ni mambo ya Hollywood na Hong Kong peke yake, apite mpaka wa Kasindi afike Kampala. Katika mtaa maskini wa Wakaliga, Isaac Nabwana, mtu aliyekuwa akifyatua matofali ili aishi, alianzisha mwaka 2005 studio yake ya Ramon Film Productions. Jina hilo alilitoa kwa nyanya zake wawili, Rachael na Monica. Mwaka 2010 alitoa filamu ya "Who Killed Captain Alex?", ambayo inasemekana iligharimu chini ya dola 200. Leo watu wa Ulaya, Amerika na Asia wanaijua.

Mwalimu wa mapigano wa kundi hilo ni Charles Bukenya, anayejulikana zaidi kwa jina la Bruce U. Ni mtu wa kung-fu kwanza, mwigizaji baadaye. Katika filamu hiyo anacheza ndugu wa Kapteni Alex, mtawa wa Shaolin anayekuja kutafuta nani kamuua kaka. Na huyo Kapteni Alex mwenyewe, jina la mtu aliyemcheza ni Kakule. Jina hilo halihitaji kuelezwa Butembo.

Watazamaji wa sinema za video za Butembo wana sheria yao: akteri hafi. Katika filamu ya Wakaliga akteri anakufa katikati ya hadithi, na kazi inabaki kwa mtu wa kung-fu. Bruce U hakuishia hapo. Aliwafundisha watoto wa mtaa kupiga, kuruka na kuanguka, na watoto hao wakawa waigizaji. Filamu ya "Crazy World", ambamo watoto hao wanapambana na watekaji wao, ilionyeshwa katika tamasha la filamu la Toronto, Canada, mwaka 2019. Klabu ya kung-fu ya mtaa maskini ikawa shule ya sinema.

Kuna la kujifunza pia katika makosa yao. Mwanzoni walitumia damu halisi ya ng'ombe katika matukio ya risasi, mwigizaji mmoja akaugua, wakaacha na kutengeneza damu ya rangi ya chakula. Bunduki zao ni za vyuma chakavu, kazi ya fundi wao Dauda Bisaso. Na kwa miaka mingi waigizaji wengi wa Wakaliga walijitolea bila mshahara, wakitembeza DVD mlango kwa mlango ili wapate fungu lao la mauzo. Sifa ilifika Toronto kabla pesa haijafika Wakaliga.

Kuanguka ni elimu

Watu wengi hufikiri kaskaderi ni mtu asiye na woga. Mtu wa namna hiyo ndiye anayevunjika mapema. Mcheza judo anafundishwa kuanguka kabla ya kufundishwa kuangusha: kidevu kinaingia kifuani ili kichwa kisigonge chini, pumzi inatoka, mkono unapiga sakafu ili uzito ugawanyike, mwili unabingirika badala ya kusimama ghafla. Hayo hayo ndiyo msingi wa kaskaderi.

Kuna pia jambo ambalo mcheza karate anapaswa kulisahau akifika mbele ya kamera. Uwanjani anatafuta kumgusa mwenzake. Katika filamu ngumi inapita mbali kidogo na uso, kamera inawekwa mahali ambapo nafasi hiyo haionekani, na anayepigwa ndiye anayefanya kazi kubwa: ageuze kichwa kwa wakati, ateme mate, aende chini. Anayepiga kwa nguvu za kweli si hodari. Ni hatari kwa wenzake, na mkurugenzi mwenye akili humrudisha nyumbani.

Vifaa navyo si lazima viwe vya bei. Makaskaderi wa nchi tajiri kwa miaka mingi waliangukia marundo ya katoni tupu zilizopangwa vizuri na kufunikwa godoro, kwa sababu katoni inapobonyea inakula nguvu ya anguko. Butembo ni mji wa wafanyabiashara wanaoleta mizigo kutoka Dubai na China. Katoni ni kitu ambacho mji huu hauwezi kukosa.

Kazi ya watu wasioonekana

Hata huko kwenye pesa, heshima ya kazi hii ilichelewa. Jackie Chan alianza kama kaskaderi katika filamu za Bruce Lee za mwanzo wa miaka ya 1970. Mwaka 1986 alianguka kutoka mtini akitengeneza filamu Yugoslavia, fuvu likapasuka, akafanyiwa upasuaji. Alipona, akaendelea, na ni mwaka 2016 tu alipopewa Oscar ya heshima. Zawadi ya Oscar ya kazi ya makaskaderi yenyewe haikuwahi kuwepo. Ilitangazwa mwaka 2025, na itatolewa kwa mara ya kwanza mwaka 2028 kwa filamu za mwaka 2027.

Marekani pia, akteri mweusi alipohitaji mtu wa kuanguka mahali pake, watayarishaji walikuwa wakimchukua mzungu na kumpaka rangi nyeusi. Makaskaderi weusi walichoka, wakaanzisha chama chao mwaka 1967, wakadai kazi hiyo. Walishinda kwa sababu walikuwa wamejifunza, walikuwa pamoja, na walikuwa na orodha ya majina yao. Vijana wa Butembo na Beni, ambao leo kila klabu inashindana na nyingine na kila mwalimu anamvuta mwanafunzi wa mwenzake, walifikirie hilo.

Hatari ya Beni si hatari ya Hollywood

Hapa ndipo jambo linapokuwa zito. Mahali pengine hatari ya kaskaderi ni anguko. Beni, hatari ya kwanza ni bunduki ya mbao.

Kijana aliyevaa nguo za rangi za kijeshi, akikimbia kwenye mashamba ya kakao na bunduki ya ubao mkononi, ni mwigizaji kwa wenzake watano waliosoma hadithi. Kwa askari wa doria aliye mita 100 mbali, ni adui. Kwa mama anayerudi shambani, ni wale wale waliomuulia mume. Mlio mmoja wa baruti ya sherehe unaweza kuhamisha mtaa mzima usiku, watoto migongoni na magodoro kichwani. Na wakaaji wenye hasira hawamuulizi mtu waliyemkamata kama kamera iko wapi.

Hata katika nchi za amani silaha za filamu zimeua. Brandon Lee, mtoto wa Bruce Lee, alikufa tarehe 31 Machi 1993 kwa bunduki iliyopaswa kuwa ya mchezo. Oktoba 2021 mpiga picha Halyna Hutchins aliuawa kwa risasi ya kweli katika utengenezaji wa filamu ya "Rust". Hao walikuwa na wataalamu wa silaha waliolipwa. Kundi la vijana wa mtaa lina nini?

Kwa hiyo kuna mambo ambayo hayapaswi kujadiliwa. Silaha halisi isikaribie mahali pa filamu, hata iwe tupu, hata mwenye nayo awe rafiki wa mkurugenzi. Sare za jeshi na polisi zisitumike bila ruhusa ya maandishi, maana raia kuzivaa ni kosa. Ofisi ya meya, polisi, jeshi na mkuu wa mtaa wajulishwe siku na saa, na wakaaji watangaziwe kwa redio na kwa megafoni. Filamu ya vita isichukuliwe usiku wala pembeni ya mji. Atakayeona kwamba masharti hayo ni mengi, atengeneze filamu ya mapigano ya mikono. Hiyo haihitaji bunduki hata moja, na ndiyo ambayo vijana hao wameisomea.

Hoja ya wazazi

Wazazi na viongozi wa dini wana hoja nyingine, na inastahili jibu. Wanasema: nchi hii imeona damu ya kutosha, kwa nini watoto wacheze na damu ya rangi? Mjane wa Beni hana haja ya kuangalia panga kwenye ukuta wa sinema.

Ni kweli kabisa kuhusu panga. Mkurugenzi anayetengeneza upya mauaji ya kijiji fulani ili apate watazamaji, bila kuwauliza waliobaki, anafanya biashara na msiba wa watu. Hilo likataliwe. Lakini filamu ya mapigano si lazima iwe filamu ya mauaji. Inaweza kuwa hadithi ya dereva wa pikipiki anayewakimbiza wezi, ya msichana wa judo anayekataa kuchukuliwa kwa nguvu, au ya kuchekesha tu. Kucheka nako ni haja ya mji uliopita Ebola na vita kwa wakati mmoja.

Na kuna tofauti ambayo kijana mwenyewe anaijua kuliko mzazi. Katika filamu, aliyeangushwa anasimama, anajipangusa vumbi, anamshika mkono aliyemwangusha, wanarudia. Kila siku anajifunza kwamba mwili wa mwenzake uko mikononi mwake na ni lazima arudi nyumbani mzima. Porini anafundishwa kinyume chake. Mzazi anayemzuia mtoto asiende kwenye klabu hana uhakika kwamba kesho yake atamkuta nyumbani.

Nani alipe

Linabaki suala la pesa, na hapo lawama iende kwa wanaotengeneza filamu na video za muziki. Desturi ya kumwambia kijana "utajulikana" na kumpa soda na mkate baada ya kumrusha chini mara kumi haiendelei kuvumilika. Mwenye kamera analipwa. Mwenye kuhariri kwenye kompyuta analipwa. Mwanamuziki anayeimba mbele analipwa. Anayevunjika mkono anachangiwa na mama yake.

Dawa yake si ngumu. Karatasi moja iandikwe kabla ya kazi: jina, siku, malipo, na nani atalipa hospitali. Kila kaskaderi aandikishwe katika mituweli ya afya kabla ya kuruka, kwa gharama ya mtayarishaji. Mtu mmoja, mwalimu wa mapigano, awe na haki ya kusema "hapana, hili halifanyiki", na mkurugenzi amtii. Jina la kila aliyeanguka liandikwe mwishoni mwa filamu. Wafanyabiashara wa Butembo, ambao hutoa pesa kwa timu za mpira na kwa matamasha, wanaweza kununua magodoro ya mazoezi kwa klabu nne au tano bila kusikia maumivu mfukoni.

Klabu nazo ziache ugomvi. Zikikutana Butembo na Beni, kilomita zaidi ya 50 tu kati yao, zinaweza kutengeneza orodha moja ya vijana waliofunzwa, bei moja, na masharti mamoja. Mtayarishaji akitoka Goma, Kinshasa au Kampala atajua pa kuulizia.

Wakaliga haikuanza na serikali wala na mfadhili. Ilianza na mfyatua matofali na mwalimu wa kung-fu waliokuwa na watu wa kuwafundisha. Butembo na Beni wana walimu na wana vijana. Kinachokosekana ni mji ulio tayari kumwangalia kijana anayeanguka na kuona kwamba yuko kazini.