Dawa ya Meno Si Halua

Wapenzi, hili la dawa ya meno limetuchosha. Kila siku tunatumiana sauti kwenye simu: dawa ya meno ina madini ya floridi, floridi ni sumu, mwondolee mwanao. Mama akisikia anaitupa, anamsugua mtoto kwa maji matupu, na roho yake imetulia.

Sisi tunasema hapana. Na tunawafikiria kwanza wenzetu wa Kidodi, kule Kilosa, nchi ya miwa. Mtoto wa pale asubuhi anatoka uani na kipande cha muwa, jioni bado anatafuna. Sukari ile hulala kwenye meno, vijidudu huigeuza tindikali, na tindikali hula jino. Floridi ndiyo inayolipa jino nguvu ya kustahimili. Sasa mtoto kama huyo tumnyime?

Hofu inajulikana ilikotoka. Tumewaona ndugu zetu wa Arusha na Kilimanjaro wenye meno ya kahawia. Lakini yale yametokana na maji: Shirika la Afya Duniani linapendekeza floridi isizidi miligramu 1.5 kwa lita, na vyanzo vingi vya kule vinapita hapo. Magadi ya kupikia nayo yakaongezea. Mswaki umesingiziwa.

Ila na sisi tusijitoe lawamani. Nani alituambia tujaze mswaki mpaka dawa ifanye wimbi? Picha ile ya kwenye matangazo imetengenezwa kuuza dawa. Kulea amana tuliyopewa na Mola ni kazi nyingine. Halafu tunanunua yenye ladha ya matunda, tunamwachia wa miaka 2 peke yake bafuni, anailamba kama halua. Meno ya ukubwani yanajengwa ndani ya ufizi miaka hiyo hiyo. Floridi anayoimeza kila siku, ikizidi, huyaachia mabaka meupe. Akila nyingi kwa mpigo, tumbo litamsokota na atatapika: mpe maziwa, mkimbize hospitali.

Kipimo hakihitaji mizani. Tangu jino la kwanza mpaka miaka 3, kiasi cha punje ya mchele. Miaka 3 hadi 6, punje ya njegere. Mara 2 kwa siku, na usiku isikosekane. Chagua yenye 1000 ppm au zaidi, imeandikwa nyuma. Anayeipaka kwenye mswaki ni mama, au baba, kwani baba hana mikono? Mtoto ateme, asimeze, wala asisukutue kwa kikombe kizima cha maji. Mkimaliza, dawa ipande juu ya kabati.