Hata Kaizari aliweka siku ya soko mpakani

Ukifika Vienna, mji mkuu wa Austria, huenda ukapita katika barabara ya maduka ya kifahari iitwayo Graben. Kwa Kijerumani jina hilo maana yake ni handaki. Barabara hiyo inafuata handaki lililochimbwa na askari wa Kirumi kulinda kambi yao ya Vindobona, iliyojengwa kando ya mto Danube mwishoni mwa karne ya 1. Kambi ilikuwa na askari wapatao 6,000. Danube ndio uliokuwa mpaka wa dola ya Kirumi. Ng'ambo walikaa makabila ya Kijerumani, wakiwemo Wamarkomani na Wakwadi.

Kambi hiyo ingali chini ya mji. Mwaka 1948, mafundi waliokuwa wakichimba njia ya maji taka katika uwanja wa Hoher Markt walikuta kuta za nyumba za maofisa wa jeshi. Leo pana makumbusho hapo. Miaka 40 hivi baadaye, wataalamu wa mambo ya kale walichimba uwanja wa Michaelerplatz, wakakuta kuta za nyumba zilizokuwa nje ya kambi, kando ya njia panda. Sehemu ya shimo hilo imeachwa wazi, na mpita njia anaweza kuchungulia.

Shimo hili la pili ndilo linalotuhusu sisi watu wa mipakani. Makazi ya nje ya kambi Warumi waliyaita canabae, yaani vibanda. Humo waliishi mafundi, wauza mvinyo, wachuuzi na familia za askari. Udongo wa Vienna umetoa mabakuli mekundu yaliyofinyangwa Gaul, nchi ambayo leo ni Ufaransa, na mitungi ya kusafirishia mafuta ya zeituni na mvinyo. Kambi ililinda mpaka, lakini askari hawaishi kwa upanga peke yake. Walihitaji vibanda.

Katika karne ya 2, Kaizari Marcus Aurelius alipigana kwa miaka mingi na makabila ya ng'ambo. Mwanahistoria Cassius Dio ameeleza masharti ya amani yaliyofuata. Wakwadi walinyimwa ruhusa ya kuingia sokoni, kwa hofu kwamba maadui wengine wangejifanya Wakwadi, wapeleleze na kununua chakula. Wamarkomani walitakiwa kukaa umbali wa kilomita 7 hivi kutoka mtoni, lakini waliwekewa mahali na siku za kufanya biashara, jambo ambalo halikuwa limepangwa kabla ya hapo.

Siusifu utawala huo. Masharti yale yaliwekwa na mwenye mabavu. Hata hivyo, mtawala aliyewaogopa wapelelezi alitambua kwamba mwenye bidhaa lazima ajue aende wapi na aende lini.

Sisi hatuna vita baina yetu. Itifaki ya Soko la Pamoja la Jumuiya ya Afrika Mashariki ilianza kutumika Julai 1, 2010. Mwenye bidhaa za Jumuiya zisizozidi thamani ya dola 2,000 anaweza kupata cheti rahisi cha uasilia pale pale mpakani. Hizo ni hatua njema. Lakini Machi 2021, barua moja kutoka Nairobi ilisimamisha mahindi ya Uganda na Tanzania kwa sababu ya sumukuvu. Siku chache baadaye zuio liligeuzwa kuwa masharti. Kwa aliyekuwa na lori njiani, siku chache ni mtaji mzima.

Sumukuvu inaua, na kila serikali ina haki ya kulinda chakula cha watu wake. Hilo silibishi. Ninachobisha ni sheria inayozaliwa usiku na kumkuta mfanyabiashara asubuhi kwenye kizuizi. Katika kazi yangu ya kuripoti habari za mipakani, kilio ninachokisikia zaidi si ukubwa wa ushuru. Ushuru unaojulikana mtu huuingiza katika bei. Asiloweza kulipigia hesabu ni lile asilolijua.

Kwa hiyo natoa mapendekezo matatu. Kwanza, sharti lolote jipya litangazwe siku kadhaa kabla, na mzigo uliokwisha kuanza safari upimwe na upite ukiwa salama. Pili, tangazo libandikwe pande zote mbili za mpaka, kwa Kiswahili, siku ile ile. Tatu, halmashauri zinazopakana zikubaliane siku za gulio, ili upande mmoja usifunge wakati mwingine umefungua.

Hakuna hata moja kati ya haya linalohitaji mkopo wala jengo jipya. Yanahitaji makubaliano na muhuri. Viongozi wa vyama vya wafanyabiashara, mtakapoitwa tena kwenye kikao cha mpakani, msiridhike na ahadi ya mdomo. Ombeni mahali na siku, na muombe kwa maandishi.