Maelezo ya Zana Si Pambo

Wapo wataalamu wa kompyuta wanaodai kwamba maelezo ya zana ni pambo tu, na kwamba kazi yenyewe ni programu. Sisi walimu wa Kiswahili wa Nyakabiga tunaipinga kauli hiyo.

Wakala wa akili mnemba, yaani programu iliyopewa kazi na kuachiwa ichague zana za kuitimiza, kwa kawaida haoni undani wa zana hizo. Katika utaratibu wa MCP, uliotolewa na kampuni ya Anthropic mwezi Novemba 2024, husoma jina la zana, maelezo yake na orodha ya mahitaji yake, kisha huchagua. Maelezo yakipotoka, kazi nayo hupotoka.

Tuchukue zana iliyoandikiwa hivi: "Hutuma faranga saa iliyotajwa." Faranga zipi? Za Burundi, za Rwanda, au za Kongo? Na mkazi wa hapa akisema saa mbili asubuhi, saa ya kizungu ni 8:00. Zana itashika ipi? Mtu angeuliza. Mashine yaweza kukisia, na fedha za mnyonge zikapotea. Iandikwe: "Hutuma faranga za Burundi kwa nambari ya simu. Saa ianzie 00:00 hadi 23:59, kwa majira ya Bujumbura. Isitumiwe kuulizia salio."

Ufundi uliomo humo ni sarufi, msamiati na insha ya maelekezo, mambo tunayoyafundisha kila siku. Walimu wenzetu, tusingoje kualikwa. Tuwazoeze wanafunzi wetu kuyaandika maelezo hayo, tena kwa Kiswahili sanifu.