Oili ya Pikipiki na Baridi ya Alfajiri



Wengi wetu tunaotoka zamu ya usiku hapa Malaba hurudi nyumbani kwa pikipiki, na wengine hubeba abiria kabla ya kulala, maana mshahara hautoshi. Saa kumi na moja alfajiri twasikia watu wakipiga kiki mara kumi, mara kumi na tano, na injini haiwaki. Kisha huenda dukani, Malaba au Busia, wakaambiwa wachukue oili nzito kwa kuwa ndiyo yenye nguvu. Wengine huuziwa nyepesi ya bei ghali, eti ni ya baridi. Maneno yote mawili twayakataa.

Tazameni chupa. Ikiandikwa 20W-50, herufi W ni ya majira ya baridi. Namba iliyo mbele yake yaonyesha oili inavyotembea injini ikiwa baridi. Namba ikiwa ndogo, oili ni nyepesi zaidi wakati wa kuwasha. Namba ya pili ni ya injini ikiisha kupata moto. Oili ya 20W hupimwa kama itaiachia injini izunguke katika baridi ya nyuzi 15 chini ya sifuri, na ya 10W nyuzi 25 chini ya sifuri. Je, nani ameona barafu Malaba? Hapa alfajiri ni mara chache kushuka chini ya nyuzi 14. Hata Timboroa, ambako reli hupanda mita zaidi ya 2,700 na wenzetu hulala na makoti, hakufiki huko.

Basi kwa Busia na Malaba 20W-50 yatosha, kitabu cha pikipiki kikisema hivyo. Kikisema 10W-30 au 10W-40, fuateni kitabu, si muuza duka. Ile ya SAE 40 au 50 isiyo na W tuiache: haikupimwa kwa baridi, na asubuhi huchelewa kupanda kwenye valvu, vyuma vikasagana. Tena tafuteni maandishi JASO MA au MA2. Klachi ya pikipiki nyingi huoga katika oili ile ile ya injini, na oili nyingine za motokaa huifanya iteleze. Mkiwa na gunia la mahindi mlimani mtajua.

Oili ikiwa sawa na bado haiwaki, angalieni choki, plagi na kichungi cha hewa.

Lakini ubaya mkubwa ni oili ya kupimiwa kutoka debe. Haina jina wala namba, na nyingine ni ile iliyomwagwa gereji jana, ikachujwa kwa kitambaa. Ni nafuu kidogo, kweli, lakini injini ikifa, tajiri mwenye pikipiki bado ataka hesabu yake ya siku.

Rai yetu ni kwamba wanachama wa tawi tuchange fedha, tununue katoni za chupa zilizofungwa, tugawane kwa bei ya jumla. Tulijadili mkutano ujao, na kila mwenye pikipiki aje na namba iliyoandikwa katika kitabu chake.