Kosa la Kutupa Filamu

Wapo watu, msomaji, wazungukao Mji wa Kale wa Mombasa na kamera za zamani. Wengine huchukua Rolleiflex, kamera ya Kijerumani ambayo jamii yake ilizaliwa mwaka 1929, wakatia filamu ya namba 120 itoayo picha 12 tu. Mpiga picha hana budi kusimama mbele ya mlango wa nakshi, apime mwanga, angoje kivuli kihame, ndipo abonyeze. Kazi hiyo naisifu.

Ugomvi wangu nao huanza nyumbani. Filamu ikisha kusafishwa na kupitishwa katika skana, huitupa jaani, wakidai kwamba picha sasa imo katika kompyuta. Dai baya! Kilichomo mle ni nakala, nayo haipiti uwezo wa skana iliyoifanya. Skana duni humeza giza la baraza na mng'ao wa ukuta wa chokaa, ambavyo filamu imevihifadhi vyote. Kesho ukipata skana bora, utaipa nini isome? Na mlango wenyewe huenda umekwisha kung'olewa ukauzwa. Mwanga uliotoka mlangoni siku ile uliigusa filamu, haukuigusa kompyuta. Nawe waitupa ili uokoe nafasi ya bahasha moja!